Nilifika Ngazi za Ndege Nikarudi

Mpendwa Baba Chebet,

Juzi nilifika mpaka chini ya ngazi za ndege, nikageuka, nikarudi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hukupenda habari zangu zikufikie kwa mzunguko. Mama Njoki wa duka alikuwepo, na unajua jambo likiingia dukani kwa Mama Njoki linatoka limetiwa chumvi. Kufikia jioni mtaa wetu mzima wa Pioneer ulikuwa umesikia kwamba mjane wako alikimbia ndege kama mbuzi anayekimbia mvua.

Sikukimbia. Nilitembea. Lakini ni kweli nilirudi.

Wale watakaosoma barua hii pamoja nawe niwaambie kidogo. Baba Chebet alikuwa dereva wa lori la mahindi. Alituacha mwaka juzi kwenye barabara ya Nakuru, akirudi nyumbani na lori tupu. Lori jingine lilikatika breki likamfuata upande wake. Alikuwa anaendesha polepole, na alikuwa upande wake. Polisi walisema hivyo, na hata wenye lori lile walikuja kwenye matanga wakasema hivyo hivyo. Mimi nimebaki na maneno hayo, polepole, na upande wake, na mpaka leo sijui niyaweke wapi.

Sasa nikueleze nilikuwa natafuta nini kwenye uwanja wa ndege.

Chebet wetu amejifungua. Mvulana. Amekuja kabla ya wakati wake, mdogo sana. Mkwe wako Mwadime, ambaye hajui kuongeza maneno, aliniambia mtoto analala kwenye kiganja chake na miguu ndiyo inazidi kidogo. Wamemweka kwenye kisanduku cha kioo chenye joto, hapo hospitalini Mombasa. Chebet mwenyewe alipasuliwa na bado hawezi kuinuka vizuri. Daktari hasemi mtoto atapona na hasemi hatapona. Anasema, "Tungoje."

"Mama, bado hana jina," Chebet aliniambia kwenye simu. "Nimewauliza watu wa Mwadime. Wanasema kwao Taita hawaiti majina kama sisi. Wamesema, mama yako aje aite ya kwenu, sisi tutaitikia."

Unajua kwetu mtoto haachwi hivi hivi. Wanawake wazima hukaa karibu naye wakaita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile litakaloitwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi kumshika mkono. Chebet aliitiwa na mama yako. Wewe ulisimama nje ya mlango kwa sababu wanaume hawaingii, ukawa unauliza kila mara, "Bado?" Na mama yako anakujibu kutoka ndani, "Wewe endesha lori, hii ni kazi yetu."

Chebet alitaka niite kwa simu. Nikamwambia, "Wewe, hao wazee wamekufa kabla simu hazijafika kijijini Soy. Watajuaje waende kwa mnara gani?" Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Hapo nikajua ni lazima niende.

Ningepanda basi. Lakini basi linapita pale, na tangu tukuzike sijapita pale. Watu husema vipande vya vioo bado viko kando ya lami, jua likiwaka vinametameta. Isitoshe, basi ni mchana na usiku na bado haujafika, na mtoto aliye kwenye kisanduku hangoji basi. Kwa hiyo Mwadime akanikatia tiketi ya ndege kutoka hapa hapa kwetu Eldoret.

Mpenda ndege ulikuwa wewe. Ulikuwa ukiniambia twende tukaangalie mahindi ya mtu, kumbe mahindi yenyewe yako karibu na uwanja wa ndege na wewe umesikia kuna ndege ya mizigo inatua. Unasimamisha lori kando ya barabara, unazima injini, unanunua mahindi ya kuchoma, unanikatia ile nusu yenye punje laini. Ndege ikianza kushuka mimi nafumba macho, wewe unapiga usukani kwa kiganja.

"Breki hizo! Mama Chebet, umeona breki hizo?"

Watu wengine wakitazama ndege huona mabawa. Wewe uliona breki. Halafu unaanza kukisia ile kitu ingebeba magunia mangapi ya mahindi kutoka Soy, na kama wangekuruhusu kupanga magunia mwenyewe ungeongeza mangapi. Mimi wakati huo nimeshika mkono wa sweta yako, ile ya kijani iliyokuwa ikitoka nyuzi, na siiachi mpaka ndege isimame kabisa.

"Sasa unashika nini?"

"Nashika isianguke."

"Basi shika vizuri, mama."

Ulisema siku moja utanipeleka Mombasa kwa ndege, tukaone hayo maji uliyokuwa ukiyasimulia, na ukifika huko utashuka utawaambia madereva wenzako kwamba leo umekuja kama abiria. Hatukufika siku hiyo. Naisema bila kukulaumu, ni vile tu nilikuwa naikumbuka juzi nikifunga begi.

Nilikuwa nimemtayarishia Chebet mursik. Aliyejifungua hakosi mursik. Nilichukua kile kibuyu chembamba cha mama yako, nikakisugua ndani kwa mkaa wa mti kama alivyonifundisha, nikatia maziwa, nikayaacha yagande. Halafu nikafunga kifuniko kwa kitambaa na kamba, nikakaza kwa nguvu zangu zote, yasimwagike njiani. Mama Njoki akaja na teksi, akanisindikiza mpaka mlango wa uwanja. Kule ndani, kwenye mashine ya kukagua mizigo, binti mmoja mwenye sare akasimamisha ule mkanda.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni mursik, mwanangu. Ya mzazi."

Akatabasamu, maana ni mtoto wa kwetu. "Nilidhani hivyo. Lakini haiwezi pita na wewe. Na hata kwa begi ya chini usiweke, vile umeifunga hivi. Hii kitu inachacha, inatoa hewa. Huko juu inaweza fumuka."

"Ifumuke?"

"Ee. Kifuniko kinaruka. Kuna mzee alifunga hivi hivi, ikamwagikia suti yake yote ya harusi."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Mama, si umpe rubani anywe tufike haraka!" Watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nakitazama kibuyu. Kibuyu hicho kimeanguka kwenye saruji mara nyingi na hakikupasuka. Chebet alikipanda kama farasi akiwa mdogo. Sasa naambiwa huko juu kinafunguliwa na hewa tu, bila mkono wa mtu. Je, kifua changu? Je, masikio? Na ndege yenyewe, si nayo ni chombo kilichofungwa na kukazwa, na sisi tumo ndani? Nilitaka kumwuliza yule binti, lakini foleni ilikuwa inasukuma na nikaona haya. Nikarudi mlangoni nikampa Mama Njoki kibuyu. Akakipokea kama anayepokea mtoto wa mtu, akasema atangoja hapo nje mpaka aone ndege imeruka.

Tukaitwa. Kwenye uwanja wetu abiria hutembea kwa miguu mpaka penye ndege, na asubuhi ile ilikuwa na ule upepo wetu unaoingia mpaka kwenye mifupa. Hapo ndipo nilipomwona rubani. Kijana tu, shati jeupe, koti la kung'aa juu yake. Alikuwa anaizunguka ndege peke yake. Anainama chini ya bawa. Anatazama ndani ya injini. Akafika kwenye magurudumu, akachuchumaa, akayamulika kwa tochi ndogo, kisha akaweka kiganja juu ya mpira akakiacha hapo kidogo.

Mama aliyekuwa mbele yangu akasema, "Afadhali. Angalau wanaangalia."

Mimi nilisimama.

Wewe uliangalia kila asubuhi. Ulilizunguka lori na kile kipande cha chuma, unagonga gurudumu, unasikiliza, unagonga jingine. Nikiwa jikoni nilijua uko wapi kwa mlio peke yake. Ukimaliza ulikuwa unagonga mlango wa jikoni, maana yake chai. Na asubuhi ya mwisho ulizunguka vilevile. Nilisikia kwa masikio yangu. Uligonga yote, hukuruka hata moja, halafu ukagonga mlango wangu.

Kwa hiyo nilipomwona kijana yule ameweka mkono kwenye gurudumu, sikuona usalama ambao yule mama aliuona. Nilimwona mtu mzuri anafanya kila kinachompasa kufanya. Na mimi nimeshazika mtu kama huyo. Miguu ilikataa, Baba Chebet. Niliiambia iende, ikakataa.

Mhudumu akaja mbio. "Mama, umesahau kitu?"

"Ndiyo."

"Umesahau nini?"

"Sijui. Lakini nimesahau."

Alinitazama, nafikiri akaelewa, akanishika kiwiko akanirudisha ndani. Ila sikujua kwamba ndege haiondoki na mzigo wa mtu ambaye hayumo. Nilikaa nyuma ya kioo nikatazama wakifungua tumbo la ndege, wakitoa mabegi, wakitafuta lile langu la bluu uliloniletea kutoka Nakuru. Watu wamefunga mikanda wananingoja, na mimi siji. Nilitamani ardhi inimeze. Yule binti wa mashine akaniletea maji kwenye kikombe.

"Usione haya, mama. Hiyo ni sheria. Mtu asipoingia, begi yake inatoka."

"Hata kama ni mama mzee tu, begi lina kanga na sabuni?"

"Hata kama ni nani."

Nje, Mama Njoki alikuwa bado anapungia ndege mkono. Aliponiona nyuma yake akaruka.

"Yesu! Wewe si uko juu?"

"Niko hapa."

"Na kiti chako nani amekalia?"

"Hakuna mtu."

"Ati kiti kimeenda Mombasa peke yake! Kiti kikaone bahari na mwenyewe arudi Pioneer!" Akapiga makofi, akacheka, akawaeleza watu wawili wa teksi ambao hawakuwa wameuliza. Lakini ndani ya gari alikiweka kibuyu katikati ya magoti yake akanyamaza, jambo ambalo wewe hutaliamini nikikwambia. Tulipokaribia mjini ndipo akasema, "Mimi mara ya kwanza nilifunga macho hapa nikafungua Nairobi. Hadi leo sijui hiyo ndege ilikuwa ya rangi gani."

Mwadime alipopiga simu nilianza kumwomba msamaha, akanikatiza. Alisema tiketi imebadilishwa, na kama sitaweza tena, basi, hakuna atakayenilaumu. Nikamwuliza mambo yaliyokuwa kifuani. Ya kibuyu akanieleza, kwamba ndani ya ndege wanasukuma hewa ili watu wapumue, haiwi nyepesi kama ile ya nje, ila bado inapungua kiasi cha kusumbua maziwa yanayochacha. Nikamwambia, "Na ajali je?"

"Mama, barabarani kila dereva ana macho yake tu. Huko juu ni tofauti. Kuna watu wamekaa chini, kazi yao ni moja, kuangalia ndege zisikaribiane. Na marubani ni wawili. Mmoja akiumwa, mwenzake yupo."

"Na hao wa chini wakisinzia?"

"Wana zamu. Mtu anaondolewa kabla hajachoka."

Nilikuwa nakuwaza wewe peke yako ndani ya lile lori. Nikamwaza pia yule mwingine, ambaye huenda hakuwa amelala, na ambaye labda alijua breki zake hazifai na akaambiwa aende hivyo hivyo. Hakukuwa na mtu aliyekaa mahali akiwatazama nyinyi wawili, aseme, jamani, hawa wanakaribiana.

Nimelielewa jambo hilo. Kichwa changu kimeshapanda ndege, kimekaa, kimefunga mkanda. Ni mwili uliobaki Pioneer.

Kesho asubuhi nakwenda tena. Chebet ameacha kuniuliza kama nitafika, na hilo linaniuma zaidi ya kuulizwa. Mtoto amepungua uzito. Naogopa nisije nikaanguka kutoka huko juu na kumwacha Chebet bila wazazi wote wawili, na naogopa nikikaa hapa mtoto ataondoka bila mtu aliyemwita. Naishia hapo kwa leo.

*

Naendelea. Niko Mombasa, kwenye benchi lililo nje ya wadi ya watoto wachanga, na joto ni lile lile ulilokuwa ukilisema, la kukufanya uione fulana kama blanketi.

Nilipanda. Nilipanda ngazi nikitazama visigino vya mtu wa mbele, sikutazama magurudumu wala rubani. Aliyekaa karibu nami alikuwa Mzee mmoja Msomali, ndevu zake nyekundu kwa hina, mwenye duka la vitambaa hapo mjini kwetu. Nimepita mbele ya duka hilo miaka mingi na hatujawahi kusalimiana, tukaja kusalimiana huko.

Mhudumu akasimama mbele kutuonyesha mkanda unavyofungwa, milango ya dharura iko wapi, na lile koti la kuelea majini. Watu wote walikuwa kwenye simu zao. Mimi peke yangu nilimkodolea macho kama mtoto aliye karibu na mtihani.

"Koti la majini la nini," nikauliza, "na hapa maji yetu ni Mto Sosiani peke yake?"

"Hiyo ni ya Mombasa, mama," Mzee akasema.

"Kwa hivyo wanafikiri tutapitiliza?"

Alicheka mpaka akafuta macho. Akaniambia yeye hupanda kila mwezi kufuata vitambaa.

"Basi wewe umezoea."

"Nani amezoea? Tazama." Akanifungulia kiganja, kilikuwa kimelowa chapachapa. "Kila mwezi naaga nyumbani kama mtu anaenda vita. Mama watoto amechoka na mimi. Ananiambia, wewe kila mwezi unakufa, halafu unarudi na vitambaa."

Ndege ikaanza kukimbia, na hapo sikudanganyi. Nilikanyaga. Nilikanyaga sakafu kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote nilizonazo, natafuta breki. Mzee alikuwa anaomba dua kwa sauti ya chini, na mimi nikawa nasema amina kila alipovuta pumzi, hata pale ambapo nafikiri alikuwa hajamaliza. Kitu kikagonga chini ya miguu yetu, nikamshika mkono mtu nisiyemjua. "Ni magurudumu yanaingia ndani," akasema, macho yake yamefungwa. "Kila mara yanafanya hivyo. Na kila mara nafikiri ni mwisho."

Huko juu, kila mlio niliuuliza jina lake moyoni. Tulipoingia mawinguni ndege ilianza kutikisika, kisha ikashuka ghafla, kama lori linapoingia shimo, ila shimo la barabara lina mwisho na lile sikuona mwisho wake. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele. Nilichofanya ni kutazama uso wa mhudumu. Alikuwa ameketi amefunga mkanda kama sisi, ameweka mikono mapajani, anatazama kucha zake. Nikawaza, mtu anayekaribia kufa hatazami kucha. Nikashikilia hilo. Halafu tulipoanza kushuka, chupa ya maji niliyokuwa nimeifunga huko juu ikabonyea yenyewe mkononi mwangu, kraa, nikaisukuma chini ya kiti nisiione.

Kisha tukagusa ardhi, na zikashika.

Baba Chebet, zile breki. Kitu kizima kile, na watu wote, na mabegi yote, kinakwenda mbio kuliko chochote nilichowahi kukalia, halafu kinashikwa. Mwili ulienda mbele mkanda ukanizuia. Nikajisikia nikisema kwa sauti, mbele za watu, "Breki hizo!" Mzee akasema Alhamdulillahi. Ulikuwa na haki ya kuupiga usukani. Nilitamani ungezionja kutoka ndani.

Hospitalini walininawisha mikono mpaka kwenye viwiko, wakanivika koti. Muuguzi alipoambiwa nimekuja kufanya nini akasimama mlangoni.

"Mama, nawajua nyinyi watu wa bara. Hapa hakuna kumwekea mtoto ugoro ili apige chafya."

"Sina ugoro, mwanangu. Nina majina tu."

Akafikiri. "Majina hayana vidudu. Ingia."

Ni mdogo, Baba Chebet. Hata nikikuelezea hutaona. Kisanduku kina tundu la mviringo la kupitisha mkono. Nikapitisha wangu, nikaweka kidole kwenye kiganja chake, na vidole vyake vyote havikuweza kukizunguka. Chebet aliketi kwenye kiti cha magurudumu, amenishika nguo. Mama yake Mwadime akasimama upande wa pili, tayari kuitikia.

Nikaanza na babu yako. Wakaitikia. Mtoto akalala tu. Nikamwita baba yako, na ndugu zake, nikiacha nafasi kila baada ya jina kama mama yako alivyofanya. Kifua kinapanda na kushuka, hakuna kingine. Nikafika kwako.

Tangu unioe sijawahi kukuita jina lako. Kwetu mke hafanyi hivyo. Nilikuita Baba Chebet, na kabla Chebet hajazaliwa nilikuita "wewe", na ulikuwa unajua ni wewe. Hata kwenye matanga, waliponipa nafasi niseme neno, nilisema Baba Chebet. Sasa ilibidi, maana mtoto hawezi kuitiwa "wewe". Nikalisema. Lilitoka jipya kabisa, kama jina la mtu nisiyemjua. Nikangoja. Nikalisema tena, na mara ya pili lilikuwa lako.

Mtoto hakupiga chafya.

Sitakuficha, moyo ulinishuka kuliko ndege ilivyoshuka. Nilikuwa nimebeba tumaini hilo tangu Pioneer bila kumwambia mtu. Nilisimama pale naogopa kuendelea, maana majina yalikuwa yanakaribia kuisha na nilianza kuwaza, je, yakiisha yote na mtoto amenyamaza?

Ndipo nikamtaja kaka yako mkubwa, Kimeli wa Soy, bila hata kuweka nguvu kwenye sauti, kwa sababu nilimjua. Yule ambaye hakupanda baiskeli maisha yake yote. Yule aliyekataa kuvuka kijito mvua ikinyesha, na hakupanda lori lako hata likiwa limesimama.

Mtoto akapiga chafya. Ndogo, kama ya paka. Halafu nyingine.

"Mama!" Chebet akasema. "Si huyo! Aki, katika watu wote! Si ni yule mwoga?"

"Ndiye huyo huyo."

"Aliyekuwa anafunga mlango mchana?"

"Na akafa kitandani kwake, mzee, meno yote yamekwisha," nikasema. "Usimdharau."

Chebet akacheka mpaka akashika mshono, anasema anaumia na hawezi kuacha. Muuguzi akaja kuona kuna nini. Mama yake Mwadime, ambaye ni mtu wa maneno machache, akasema, "Wanasema kwa mwoga huenda kicheko." Nusu ya pili ya methali hiyo hakuisema. Alinitazama tu, maana anajua ulivyokufa.

Hiyo ilikuwa jana. Leo asubuhi walimpima, ameongeza kidogo, kiasi ambacho ukikiweka kwenye mizani ya magunia hata sindano haisogei. Daktari bado anasema tungoje. Lakini sasa tunangoja pamoja naye, na ana jina, na nimeona akikunja uso kwa hasira muuguzi alipombadilisha. Nisalimie mama yako. Mwambie niliita kwa utaratibu wake.

Akitoka kwenye kisanduku nitarudi nyumbani. Chebet ameniambia nisijilazimishe, Mwadime anaweza kunitafutia basi zuri. Nimekataa. Nitarudi kwa ndege, na nitaogopa kuanzia wanapopima mabegi mpaka tutakaposimama Eldoret. Sitarajii woga huo uishe. Mzee wa vitambaa umemshinda kila mwezi kwa miaka, na bado anaenda.

Jina lako sitaliandika hapa, kwa sababu barua hii inasomwa na watu. Ila kinywa changu sasa kinalijua. Siku hiyo ndege ikianza kukimbia nitakuita kwa jina, taratibu, na sitaacha kukuita mpaka magurudumu yainuke.

Mkeo,
Mama Chebet